Kijani Kwenye Ukuta wa Mama

Wapendwa, leo nimemkuta ndugu yangu wa damu akibomoa nyumba ya mama yetu...

Natoka mjini Kolwezi, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nazunguka nyuma ya nyumba, hapa Musonoi, namkuta Ruffin, yaya yangu, yaani kaka mkubwa, ndani ya shimo hadi kiunoni. Msingi wa ukuta uko wazi!

"Yaya, unafanya nini?"

"Tulia, mudogo. Tumeisha kuwa batajiri. Unaona ile kijani? Shaba inapanda."

Hapa kwetu kijani ndani ya udongo kinalisha watu, nani asiyejua?

Lakini kijani juu ya ukuta...

Ukuta usioona jua! Mabati yasiyo na mfereji, maji yote ya mvua yanaurukia, na juu yake mmea wa marakuja umejitandaza kama blanketi!

Sikubishana. Nikaleta ndoo ya maji, javeli kidogo, ile dawa ya kung'arisha nguo, na brosi ngumu. Nikapaka, nikangoja, nikasugua.

Kijani kikatiririka hadi kwenye buti zake.

"Hii njo shaba yako? Shaba ya kutoka na brosi?"

Akainama, akaendelea kuchimba.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia ukuta ukianguka, yeye ndiye atakayelala nje na mama. Nikaapa kwamba mama atajua leo hii.

"Mama anajua."

Nikageuka. Mama yangu mzazi... karai la udongo kichwani.

"Muache yaya yako. Mi njo nilimutuma."

"Mama?"

"Mwaka ulipita nilikuambia usugue ule ukuta. Ukasema kusugua ni kazi ya banamuke. Kijani ikabaki, yaya yako akasema ni shaba. Basi nikatafuta mwanaume wa kuchimba."

Nikampokea mama karai lake, nikaumwaga udongo shimoni.

Shimo tumelijaza mawe na udongo, tukalishindilia. Marakuja nimeikata. Mfereji umewekwa kwenye mabati, maji yanaenda mbali. Rangi inangoja ukuta ukauke kabisa, maana ukipaka juu ya kijani hicho, kinarudi.

Ndugu zangu, sugueni mapema. Mkiuacha ukuta uote kijani, mwenye njaa atausoma anavyotaka.

Na Ruffin? Jioni nimemwona amesimama, anaukodolea macho ukuta wa jirani yetu, Mama Kabedi.

Una kijani.

Nimeshampelekea mama wa watu brosi, na javeli iliyobaki.