Chupa ya Mzee wa Bustani

Likizo ilipofika, Chiriku alikuwa akiamka alfajiri na kufuatana na mama mkubwa wake kazini, utadhani naye ameajiriwa. Jina hilo la ndege alipewa na ndugu zake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika; hata usingizini, walisema, humalizia habari za jana. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama mkubwa alikuwa mpima maji katika maabara ndogo ya mji.

"Masharti unayajua," mama mkubwa alimwambia kila siku akivaa koti jeupe, glavu na miwani. "Unakaa mezani kwako, unaandika lebo. Vitu vyangu huvigusi."

"Hata kidogo, Mama Mkubwa?"

"Hicho kidogo ndicho kinachounguza."

Asubuhi moja, saa mbili, aliingia mzee aliyelima mboga kando ya kijito, chini ya kiwanda cha ngozi. Alikuwa amekumbatia chupa ya kioo cha kahawia.

"Maji ya kijito haya," alisema. "Miche yangu inakauka, wajukuu wangu wanajikuna mpaka wanatoka damu. Wenye kiwanda wanasema nina chuki. Saa tisa tuna kikao nao mbele ya viongozi wa mji. Nataka niende na karatasi ya vipimo, maneno matupu nimeyachoka."

Mama mkubwa aliipokea chupa, akaiweka kando ya sinki, akaenda stoo kuchukua neli za kioo. Mzee naye akaondoka.

Chiriku akabaki na chupa. Maji ya kuchubua wajukuu yananukaje? Aliinuka, akafungua kifuniko, akasogeza pua. Harufu ya ngozi iliyooza ilimpiga usoni. Alirudi nyuma kwa kishindo, chupa ikamponyoka, ikalala ndani ya sinki. Glu, glu, glu! Mpaka anaiinua, lilikuwa limebaki tone.

Viatu vya mama mkubwa vilikuwa vinakaribia. Kabla hajawaza mara mbili, alifungua bomba, akaisuuza chupa, akaijaza, akaifunga.

Mama mkubwa hakugundua kitu. Alimimina maji kidogo katika neli, akaongeza kemikali ya rangi ya chungwa, kisha asidi, pole pole.

"Hiki kinaitwa kioksidishaji," alieleza. "Kinauvunja uchafu kama moto unavyoteketeza kuni, ila hakina mwali. Kikikuta uchafu mwingi, kinatumika chote na rangi inageuka kijani. Kisipokuta kitu, kinabaki na rangi yake."

Aliziweka neli kwenye jiko la maabara, zichemke saa mbili. Siku nyingine Chiriku angeuliza maswali kumi. Siku hiyo aliandika lebo kimya.

"Leo umemeza ulimi?" mama mkubwa aliuliza.

"Kichwa kinauma kidogo."

Saa tano mzee alirudi. Neli zilikuwa zimetoka jikoni, rangi ya chungwa ikiwaka vilevile.

"Mzee wangu," mama mkubwa alisema taratibu, "maji haya ni safi. Hata mimi nimeshangaa."

Mzee alizitazama neli kwa muda mrefu. Alivua kofia, akaikunjakunja mikononi.

"Basi labda ni uzee, mwanangu. Labda pua yangu inanidanganya. Na mimi nimewasumbua watu wa watu bure."

Chiriku alimwona akigeuka kuelekea mlangoni, mabega yamemshuka. Aliinuka mezani.

"Babu, usiende! Pua yako haidanganyi!" Machozi yalishamtangulia. "Maji yako niliyamwaga mimi. Hayo ni ya bomba."

Mama mkubwa alivua miwani, akaichana karatasi aliyokuwa ameanza kuiandika, akatazama saa ya ukutani.

"Chukueni chupa mpya. Twende kijitoni. Tukikimbia tutawahi."

Walikimbia kweli, mzee mbele, kama kijana. Waliteka maji pale mfereji wa kiwanda unapomwagikia, na kabla ya saa sita neli mpya zilikuwa jikoni. Saa nane zilitolewa. Zilikuwa kijani kibichi, zote, bila hata chembe ya rangi ya chungwa.

Mzee aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akamgusa Chiriku kichwani, akaenda. Jioni habari zilifika: kikao kimeamua mfereji uzibwe mpaka kiwanda kijenge mabwawa ya kusafisha maji yake.

"Utafagia hapa likizo nzima," mama mkubwa alisema wakifunga milango. "Na mimi nina kosa langu, nilikuachia chupa isiyo na ulinzi. Lakini sikiliza, mwanangu. Maji yakimwagika yanatekwa mengine. Ungeniambia palepale, mzee yule asingefika mahali pa kuitilia shaka akili yake mwenyewe."

"Nisamehe, Mama Mkubwa. Niliogopa."

"Najua. Umesema ukiwa bado unaogopa, na hilo nimeliona." Alimshika mkono. "Kemikali zangu zina nguvu za kuvunja karibu kila kitu. Lakini haziwezi kujua nani kaijaza chupa. Hapo hata maabara kubwa kuliko zote inamtegemea mtu mkweli."