Mjukuu Wangu Daktari wa Sumu Aliponikana kwa Saini

"Naomba uisome tena," nilimwambia mpelelezi.

Akaisoma tena, polepole, kama anayemsomea mtoto.

"Mimi sitashiriki uchunguzi wowote katika shauri hili, wala sitaingia chumba zilimo sampuli zake."

Chini kulikuwa na saini ya mjukuu wangu. Niliijua... mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli.

Wajukuu zangu mnaonisoma, siku hiyo nilikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi. Nilituhumiwa kumtilia wifi yangu sumu kwenye chai.

Wifi alikuja kwangu asubuhi, akanywa kikombe kimoja, akatapika, akaanguka sebuleni. Hospitali, alipofumbua macho, alisema maneno matatu tu.

"Ni chai yake."

Na mtaa mzima ulijua tunagombea nyumba aliyoacha marehemu mume wangu, yaani kaka yake. Nani angeniamini?

Polisi walichukua chupa ya chai, vikombe, damu na mkojo wa wifi. Vyote vikapelekwa maabara ya serikali, anakofanya kazi mjukuu wangu.

Huyu mtoto nimemlea tangu mama yake alipofariki. Amesoma elimu ya sumu mpaka udaktari wa juu kabisa. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani. Nimeokoka.

Kumbe mtoto kaandika barua ya kunikana.

Nilitoka kwa dhamana. Mchana huo ukoo ukakaa sebuleni kwangu. Mwanangu wa mwisho, tunamwita Bosi, akampigia mpwa wake simu, akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Chuo mlimaliza watano," Bosi akaanza. "Mmoja yuko kiwanda cha dawa za wadudu, ana gari na dereva. Mmoja ni mhadhiri. Mmoja yuko kampuni ya dawa, anaruka na ndege kama mbayuwayu. Wewe kiwanda kilikuita, ukakataa, ukaenda kupima mikojo ya watu. Sawa. Sasa hata mkojo mmoja haukusaidii bibi yako?"

"Mjomba, siwezi."

"Hujaambiwa uue mtu. Badilisha kichupa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Umesoma mpaka umemsahau aliyekuogesha?"



"Bibi yupo hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, naomba usinieleze chochote kuhusu siku ile. Hata neno moja. Nimekabidhi funguo za chumba. Kazi amepewa Miwani."

Sebule nzima ikaguna. Miwani ni yule wa tano wao, naye yuko maabara hiyo hiyo. Walipokuwa chuoni, mjukuu wangu alionyesha kosa kwenye utafiti wa Miwani mbele ya maprofesa. Ilibidi aurudie mwaka mzima. Tangu hapo hawasalimiani.

"Umesikia, mama?" Bosi akanigeukia. "Kakukabidhi kwa adui yake. Wewe ndio fidia."

Nami, niliyezoea kunyamaza, nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtoto yeyote.

"Nikifa, usije kwenye mazishi yangu."

Alipumua tu. Kisha simu ikakatika.

Wiki tatu sikula vizuri. Majirani walipita dirishani wakisema kwa sauti, "Mkaribie tu, ila chai usinywe."

Siku ya majibu mahakamani, mabenchi ya korido yalijaa. Kijana mmoja mwembamba alinyanyuka, akaniachia nafasi yake bila kusema kitu. Kumbe ndiye Miwani. Nikajisemea, hata anayekuja kukuchinja anaweza kuwa na adabu.

Ndani, Miwani akasimama kwenye kizimba cha mashahidi.

"Chai haina sumu," alisema. "Chupa haina. Kikombe hakina."

Wakili wa wifi akaruka kama aliyekaa juu ya siafu.

"Maabara yenu ina ndugu wa mtuhumiwa. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Ambaye ni mwenzako tangu chuoni."

"Mwenzangu, ndiyo. Rafiki yangu, hapana."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Aligusa sampuli hizi?" wakili akaendelea.

"Hakugusa. Hii barua yake, aliisaini kabla sampuli hazijafunguliwa. Hiki kitabu cha funguo. Hata chakula cha mchana alikula nje ya geti, juani, wiki zote tatu, asije akaonekana meza moja na mimi."

Wakili alifunua faili lake, akalifunga, akakaa. Hoja yake ilikuwa hiyo moja.

Machozi yalinitoka. Lakini Miwani hakuwa amemaliza.

"Damu na mkojo wa mlalamikaji vina zebaki nyingi, iliyojikusanya kwa miezi. Figo zake zimeanza kuharibika, ndiyo sababu alitapika na kuanguka. Niliwaomba polisi waniletee kila anachokula na kujipaka. Zebaki ilikuwa kwenye kopo la mkorogo, krimu ya kung'arisha ngozi."

Wifi alishika shavu lake. Sote tulikuwa tukimsifu alivyong'aa uzeeni, tukidhani ni raha.

"Ulinunua wapi, mama?" hakimu akauliza.

Wifi aligeuka. Alimtazama mwanangu, Bosi.

Bosi akatazama mlango.

Kopo lilikuwa na namba ya simu ya duka lake la vipodozi. Mkorogo alikuwa akiuchanganya mwenyewe, kwenye ndoo, nyuma ya duka. Shangazi yake alikuwa mteja wa kila mwezi.

Anaapa hakujua kilichomo. Huenda. Ila mpaka leo najiuliza, siku ile sebuleni, alitaka kichupa kibadilishwe kwa ajili ya nani?

Kichupa kingebadilishwa, ningetoka huru, na wifi angeendelea kujipaka mpaka tumzike. Sasa anatibiwa, na madaktari wana matumaini. Nyumba bado tunagombana.

Jioni ile nilimpigia mjukuu wangu.

"Lile neno la mazishi..."

"Lipi, bibi? Mtandao ulikuwa mbovu siku ile."

Mtandao haukuwa mbovu. Nashukuru kwa uongo huo mmoja.

Wanangu, si kila anayekaa mbali nawe amekutupa. Mwingine anakaa mbali ili ukweli wako usitiwe doa. Na anayekusukuma useme uongo kwa jina la mapenzi, muulize kwanza uongo huo unamfaa nani.

Bosi yuko mahabusu. Kila siku nampelekea chakula, na kila siku ananiomba jambo moja kupitia nondo.

"Mama, ongea na mjukuu wako anisaidie."

Namwambia, "Kula, mwanangu, kitapoa."