Meno ya Ndani

Haya yalimkuta rafiki yangu, daktari wa meno, mtu mwenye dharau ya kugawia mtaa mzima na ikabaki. Bibi mmoja alimletea mjukuu wake, akasema mtoto ana meno ya ziada.

"Yako wapi?"

"Ndani, dokta. Yanasagana akilala."

"Meno yote yako ndani, bibi. Ya nje ni ya kitana."

Akayahesabu, yakawa ishirini kamili. Akayahesabu tena kwa sauti, kama anayemfundisha mjinga, vidole viwili vikiwa mdomoni mwa mtoto na mkono wa pili ukiwa tumboni ili asijinyanyue. Hapo umeme ukakatika, na chumba hakikuwa na dirisha.

"Usifunge mdomo," alimwambia mtoto.

Hakuufunga. Ulimi ulikuwa umetulia chini ya vidole vyake. Kisha meno yakaanza kusagana gizani, taratibu, kama mtu anayetafuna mchanga.

"Bibi, acha mchezo."

"Mimi kibogoyo, dokta," bibi alijibu kutoka mlangoni.

Rafiki yangu alitaka kucheka. Lakini kule kutafuna alikuwa anakuhisi kiganjani, kwenye ule mkono uliokuwa juu ya tumbo la mtoto.