Nguzo ya Saba Ilipojibu

Nguzo ya saba ilijibu saa nne asubuhi, jua likiwaka, tena kwa adabu kuliko majirani wengi: ko, ko, ko.

Mkaguzi alibandua sikio. Kazi yake kwenye daraja hilo la juu, lililokatiza jiji kifua mbele kwa miaka themanini, ilikuwa kugonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza. Zege zima hulia kavu. Zege bovu hulia kama debe. Mzee aliyemwachia nyundo alimwonya: "Hapo saba walihamisha makaburi, wafu wenyewe wakabaki. Ikijibu, ondoka."

Lakini mkaguzi wetu hakujaliwa breki, si ya mdomo wala ya mkono.

"Hodi, mwenye nyumba!" akacheka, akagonga kama anavyogonga kwake: mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Mkewe hamfungulii mtu mpaka asikie hivyo.

Nguzo ikarudia vilevile. Kisha kimya, na harufu ya zege bichi, kana kwamba limemwagwa jana.

Mwashi aliyekuwa akiziba nyufa jirani akamsogelea, sauti chini. "Kaka, umegonga nini?"

"Hodi ya nyumbani tu."

"Hodi ya nyumbani? Umempa ufunguo!"

Mkaguzi alipanda ngazi za daraja mbio mpaka juu, pale watu wanapopigia picha reli, paa za soko na mnara wa saa, lakini yeye macho yake yalikimbilia ghorofa ya tatu ya jengo la pili, dirisha lenye pazia la njano, ambako mkewe alikuwa akianika nguo za mtoto, na akamwona akisita, akigeuza uso kuelekea mlangoni, akitabasamu, akiingia ndani.

Akapiga simu. "Mke wangu, usifungue!"

"We nani?"

"Mimi! Mumeo!"

"Utani gani huu? Mume wangu huyu hapa, kambeba mtoto." Akageuka kumtazama. Aliporudi alikuwa akinong'ona. "Ila... mbona anachuruzika saruji?"

Simu ikakatika.

Pazia likavutwa kando taratibu. Dirishani alisimama mtu mwenye uso wa mkaguzi, mtoto begani, akiushika ule mkono mdogo na kuuinua juu, chini, juu, chini, akimfundisha kumpungia baba yake kwaheri.