Wajukuu Niliowaficha Zizini

Asubuhi ile nilikuwa nakanda unga wa ulezi. Mbwa wakabweka. Nikachungulia. Mwalimu Bhuwan alikuwa anapanda kuja kwetu, daftari kubwa kwapani. Serikali imemtuma ahesabu watu!

"Zizini, haraka!" niliwaambia wajukuu zangu watatu. "Atakayekohoa atanijua mimi ni nani!"

Mwalimu akauliza, "Mama Saruli, humu mko wangapi?"

"Wanne. Mimi, mzee wangu, kijana wetu na mkewe."

"Na watoto?"

"Watoto gani? Andika uende zako."

Msinicheke. Zamani niliwataja wanangu wote kwa mtu mwenye daftari kama lile. Baridi ya mwaka ule ikamchukua Puran, kifungua mimba wangu. Tangu hapo niliamini kuwa mtoto akihesabiwa anapatwa na jicho baya. Nikawatia hofu hata majirani, nao wakaficha wa kwao.

Mwaka mmoja baada ya kuwaficha wajukuu zizini, mvua zikiwa zimepamba moto, mke wa mwanangu, Khimuli, alishikwa na uchungu. Damu ikaanza kumtoka kabla ya mtoto. Devki, mhudumu wa afya wa kijiji chetu cha Dhaunli, alitazama mara moja tu.

"Hospitali, sasa hivi!" akasema, akapiga simu. Gari la wagonjwa lingetusubiri chini bondeni, barabara inapoishia. Kilomita saba.

Wanaume wanne walimbeba kwa machela. Upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, na matope yanateleza. Mimi nyuma.

"Mama, sioni vizuri," Khimuli alisema.

"Usilale! Nitukane basi, si umetamani miaka yote?"

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Nikamfokea Devki. "Wenzetu wa ng'ambo ya bonde wana barabara. Sisi tumekosa nini?"

"Watu, mama," akajibu, akimkinga Khimuli na mvua. "Kijiji cha milimani kinatakiwa kifikishe watu mia mbili na hamsini ndipo kiingie kwenye mpango wa barabara. Daftarini tuko mia mbili na kumi na tisa. Lakini mimi ndiye ninayewapeleka watoto kwenye chanjo. Najua tumepita hapo. Mmeficha wangapi?"

"Puran alihesabiwa, akafa!"

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Kichomi. Alishindwa kupumua."

"Alifia wapi?"

Alifia njia hiihii, mgongoni kwa baba yake, kabla hatujafika barabarani.

Khimuli alifika hospitali hajitambui. Alifanyiwa upasuaji, akaongezewa damu. Akapona, yeye na bintiye. Daktari alituambia kuwa tungechelewa nusu saa, tungerudi na maiti.

Niliporudi nilipita nyumba hadi nyumba. "Mimi ndiye niliyewadanganya. Watoeni watoto!" Wengine walinifungia mlango. Lakini baraza la kijiji liliomba tuhesabiwe upya. Mwalimu Bhuwan alipokuja, niliwapanga wajukuu uani, kichanga nimekipakata. Woga ule haukuwa umeniisha. Hata hivyo nikawataja wote wanne kwa majina. Kijiji kizima tukawa mia mbili na sitini na nane.

Barabara ilichukua miaka mitatu. Wiki iliyopita Kunti, mke wa kijana wa jirani, alishikwa na uchungu. Gari likamchukua mlangoni kwao. Mimi na mama mkwe wake tulikaa barazani, hakuna aliyeweza kumeza hata chai. Kabla ya saa sita mchana simu ikalia. Mtoto wa kiume, wote wazima.

Mama mkwe akanishika mkono, akaninong'oneza, "Shoga, usimtangaze. Jicho baya."

"Devki anamwandikisha leo leo," nikamwambia. "Na kama jicho baya lipo, linitazame mimi."