Geti kwa Geti

Fundi alirudi mchana kanuna. Akatupa miwani yake ya kuchomelea mezani. Mkewe alikuwa anapiga pasi nguo za wateja.

"Benki wamesemaje?"

"Wamekataa! Eti mimi mlipaji mbaya. Mimi! Nimewahi kula hela ya nani?"

Mke akazima pasi. Mama mwenye nyumba alishawaambia: mwakani anauza. Wao ndio wa kwanza kuulizwa kama watanunua. Wakishindwa, wanahama. Na nondo za kila dirisha la nyumba ile alizichomelea fundi mwenyewe.

"Tumwite kaka," mke akasema.

"Shemeji? Yule atanicheka."

"Akucheke tu. Kicheko hakimtoi mtu nyumbani."

Shemeji anafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo. Mdomo wake mchafu, ila kazi anaijua. Alimtuma fundi kwanza aombe taarifa zake za mikopo. Ni haki ya kila mkopaji. Zilipotoka, akaja akazisoma.

"Mkopo wa mashine ya kuchomelea. Ulikuwa unalipaje?"

"Geti likichukuliwa, nalipa. Mara nyingine nalipa ya miezi mitatu kwa mpigo. Na nikamaliza wote! Fundi halipwi mwezi kwa mwezi, analipwa geti kwa geti."

"Basi ndiyo iliyokuponza hiyo. Benki haijui geti, inajua tarehe. Ulikaa kimya, wakaandika umechelewa. Ukaja na furushi la hela, ukajiona mfalme. Wenzako walishaandika."

"Upuuzi! Hela si walipata?"

"Walipata. Na ulichelewa. Sasa unataka wakuamini na nyumba?"

Fundi akasimama, kakunja ngumi. Mkewe akamtazama tu. Fundi akakaa.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" mke akauliza.

"Nani kasema basi? Hapa wenyewe wamekosea. Mkopo wa pikipiki wanasema bado unadaiwa."

"Niliumaliza! Risiti ninayo!"

"Peleka, warekebishe. Ila pale ulipochelewa kweli, hapafutiki. Mtu akikwambia mpe hela akufutie, huyo tapeli. Mkopo wa mashine ya kukatia vyuma bado unalipa?"

"Nalipa."

"Huo ndio dawa yako. Mteja akitoa hela ya kuanzia kazi, toa rejesho kwanza, weka kwenye akaunti. Benki ijikatie tarehe yake. Ukiona mwezi mbaya, kawaambie kabla tarehe haijafika. Ukienda baada, unaomba radhi tu."

"Na benki nyingine? Nikajaribu zote?"

"Tulia! Kila ukiomba, inaonekana. Watasema huyu kabanwa. Weka akiba ya kutosha, halafu rudi. Waeleze kwa nini ulichelewa na umebadilisha nini. Na elewa, shemeji: nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Ukirudia geti kwa geti, wanaiuza."

Fundi alifanya yote, ila kwa kununa. Kila tarehe ya rejesho alitukana hewa. Mkewe alikuwa anaweka hela za pasi kwenye akiba. Mkopo wa pikipiki ukaondolewa kwenye orodha ya madeni yake. Mwaka ulipokaribia kwisha, akarudi benki na maelezo yake.

Wakakubali. Riba ikawa juu kidogo kuliko ya wengine.

"Wananiibia hawa!"

"Hiyo bei ya ubishi wako," shemeji akasema. "Unaimudu kila mwezi?"

Fundi na mkewe wakapiga hesabu mara mbili. Wanaimudu. Akasaini.

Juzi mteja kaja kuchukua geti. Mama mwenye nyumba alishalipwa, na nyumba sasa ni yao. Mke alikuwa ndani anapiga pasi, mlango wazi.

"Fundi, nipe nibebe," mteja akasema. "Hela nitakuletea yote kwa mpigo, usiwe na shaka. Mimi si mtu wa kudhulumu."

Fundi akavua miwani.

"Yote kwa mpigo, lini?"

"Nikipata."

"Nikipata si tarehe! Shusha geti langu!"

Ndani, mke alicheka mpaka pasi ikaunguza shati la mtu.