Siki ya Swali la Nne

"Aliyesahihisha ni Zenobia," Rimberto alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi nilitunga mtihani tu."

Zenobia, aliyesimama nyuma yake kwenye roshani ya chuo, alidhani masikio yanamdanganya. Huyu ni mchumba wake. Jana tu walikuwa kwa mama yake Rimberto wakichagua padri wa kuwafungisha ndoa.

Chini uani, wanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza walikuwa wamelifunga lango la chuo kwa minyororo, wakilipua fataki tangu asubuhi. Baridi ya Oruro, mji wa juu milimani, haikuwarudisha nyuma. Nusu ya darasa ilikuwa imefeli kwa sababu ya swali moja, la asidi ya siki.

"Mwalimu Zenobia," aliita Reyna, kiongozi wao. "Narudia somo hili kwa mara ya mwisho. Nikifeli, nafukuzwa. Mama yangu anauza api, kinywaji cha moto cha mahindi, sokoni ili nisome. Tumekukosea nini?"

Rimberto alimwinamia Zenobia sikioni.

"Kubali tu, mpenzi. Mimi nasubiri kuthibitishwa kazini. Wewe ni msaidizi, watakukaripia kidogo, yataisha."

"Yataisha kwa nani?"

"Tunaoana mwezi ujao. Changu si chako?"

"Na kosa lako ni langu?"

"Punguza sauti. Unanitia aibu."

Hapo hasira zikampanda. Alimpokonya kipaza sauti.

"Sikilizeni. Ndani ya siki, hidrojeni imeungana na oksijeni, na muungano huo hauvunjiki kirahisi. Molekuli chache tu ndizo huachia hidrojeni, na hata hizo huachana na kurudiana bila kukoma, mpaka kuachana na kurudiana kulingane. Ndiyo maana ni asidi dhaifu, mnaimwagia kwenye saladi na hamuungui. Mwalimu wenu alipiga hesabu kana kwamba zote zimeachia. Ninyi mlikuwa sahihi."



"Sasa mbona ulitukata alama?" Reyna aliuliza.

Zenobia alitoa simu, akasoma ujumbe aliomtumia Rimberto juma lililopita:

"Rimbe, swali la nne umekosea. Siki si asidi kali. Watoto wa watu wataonewa."

Kisha akasoma alivyojibiwa:

"Sahihisha nilivyokuagiza. Nikibadilisha sasa wataona sijui kazi. Kama unanipenda, nyamaza."

"Nikanyamaza," alisema Zenobia. "Hapo nilaumuni, ni haki yenu."

"Tunakulaumu, mwalimu," Reyna alijibu bila kutabasamu. "Lakini shuka, twende kwa mkuu wa kitivo. Ukausome tena mbele yake."

Mkuu wa kitivo aliusoma mwenyewe, akiwa amebana midomo, akaamuru mitihani yote isahihishwe upya. Jioni Zenobia akiwa maabara na rundo la karatasi, simu iliita. Mama yake Rimberto.

"Mwanangu analia, wewe binti. Mwanamke gani anamvua nguo mumewe hadharani?"

"Mama, mwulize alitaka kunivisha nini mimi."

Alikata simu. Alipoinua macho, Rimberto alikuwa mlangoni, macho yamemwiva.

"Ungesubiri tufike nyumbani, Zeno. Ungeniambia tukiwa wawili."

Zenobia alivua pete, akaiweka mezani upande aliosimama Rimberto, akavuta karatasi nyingine.

"Nilikuambia tukiwa wawili."